Ridhaa Mbili: Uhakiki wa Picha za Wanagenzi wa Ng'ambo

Mtu atungaye shairi katika pwani hii hakosi wa kumjibu. Mizani ikipungua ataambiwa. Vina vikimponyoka atachekwa. Na neno lake likichoma litarudishwa kwake kwa neno jingine kabla wino haujakauka. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa malenga uwanja wa kuulizana na kujibizana, na kabla ya gazeti hilo mabaraza na ngoma zilikuwa zimekwisha kuifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Ushairi ulikua kwa sababu ulijibiwa. Sanaa ya picha imekaa Unguja zaidi ya miaka mia moja na hamsini, lakini haijapata bahati hiyo. Kijana wa Mikunguni au wa Kikwajuni akipiga picha na kuionyesha, aghalabu husikia neno moja: "Mashaallah, imetoka." Hushukuru, akaenda zake. Amesifiwa, na hakuongezewa kitu.

Ni wajibu kuuliza upungufu huu umetoka wapi, na kama ni upungufu wa kweli au ni wa masikio yasiyojua kusikiliza. Lugha yenyewe inatoa mahali pa kuanzia. Mtu afanyaye mchezo au sanaa pasipo ujira huitwa wa ridhaa: mchezaji wa ridhaa, mwigizaji wa ridhaa, mpiga picha wa ridhaa. Maana yake ni kwamba hakuajiriwa wala hakulazimishwa. Moyo wake mwenyewe umeridhia. Walakini ridhaa ni neno lenye pande mbili. Mtunga mashairi aweza kutunga usiku kucha peke yake asimguse mtu. Mpiga picha kazi yake haianzi mpaka awepo mtu, au nyumba, au mtaa wa kupigwa. Hapo ridhaa ya mwenye kupiga hukutana na ridhaa ya mwenye kupigwa, na moja haiwezi kuwa badala ya nyingine. Uhakiki wa picha za wanagenzi wa Ng'ambo hautakuwa uhakiki kamili mpaka uzipime zote mbili; na mizani ya hiyo ridhaa ya pili imo tayari katika mabaraza ya Ng'ambo, ambayo msomi huyapita haraka kwa kudhani kwamba pasipo istilahi hapana fikira.

Jambo hili lina uzito wa pekee Ng'ambo kuliko mahali pengi. Ng'ambo kwa asili ni jina la upande: upande wa pili wa maji, wala mtu hawezi kusema "ng'ambo" ila awe amesimama upande huu. Aliyeita hivyo mitaa ile alikuwa Mji Mkongwe, akitazama mashariki kuvuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na nyumba za udongo na makuti. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, likabaki jina la Darajani kukumbusha kwamba palikuwa na daraja. Lakini jina la Ng'ambo halikufukiwa. Kwa lugha ya wapiga picha, jina hilo ni mahali ilipowekwa kamera. Kadi za posta zilizouzwa na wapiga picha wa mjini kama A. C. Gomes na Coutinho ziliwatengenezea wageni wa meli ukumbusho wa kupeleka kwao, na aghalabu uso wa mtu ulipewa jina la kabila au la kazi, na jina lake mwenyewe likaachwa. Hata mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, Ng'ambo ilibaki nje ya eneo lenyewe la urithi, ingawa ndiko waishiko watu wengi wa mji. Mtaa uliotazamwa kwa muda mrefu hivyo kutoka upande wa pili una haki ya kuuliza, kila ionekanapo picha yake, aliyeipiga alisimama wapi.

Wenyeji wa Ng'ambo, hata hivyo, hawakukaa wakingoja kutazamwa. Walivaa, wakavuka, wakaingia studio. Capital Art Studio, iliyofunguliwa mjini na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit Oza, ni mfano ujulikanao wa nyumba za kazi hiyo. Studioni mteja alikuwa hakimu. Alichagua nguo, akachagua kukaa au kusimama, na picha iliposafishwa akaitazama kwa jicho la mtu aliyetoa fedha yake. Fundi alijua mwanga na kivuli, lakini neno la mwisho lilikuwa la mwenye sura. Hapo uhakiki ulikuwapo, ijapokuwa haukuandikwa: mtu aliyekataa picha kwa sababu "hii siyo mimi" alikuwa amesema jambo ambalo vitabu vingi vya falsafa ya picha bado vinalizungukia. Oza huyo huyo alipotoka nje katika miaka ya 1950 na kupiga baiskeli na wapita njia, hali ilibadilika. Njiani hapana mteja. Na pasipo mteja hakimu ameondoka kitini.

Kiti hicho kimezidi kubaki kitupu kila kamera ilivyokuwa nyepesi. Kamera ya Kodak ya George Eastman ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1888, na mwaka 1900 ikafuata Brownie, ambayo bei yake ilikuwa dola moja tu. Tangu hapo picha ikaacha kuwa siri ya fundi na chumba chake cha giza. Simu ya mkononi imeimaliza safari hiyo: leo mwanagenzi wa Kwahani hupiga picha nyingi asubuhi moja kuliko alizopigwa babu yake katika umri wake wote. Lakini wingi wa picha haukuleta wingi wa maneno. Aliyekwenda studio alipiga picha moja akaijadili na nyumba nzima. Apigaye mia hapati hata moja iliyojadiliwa.

Ni nini basi husemwa barazani, mwanagenzi akiitoa picha yake? Mwenye kusikiliza kwa makini atasikia mambo matatu. La kwanza ni sifa, nayo hutolewa kwa upole wa malezi, maana watu huchelea kumvunja kijana moyo. La pili ni utambuzi: "Nani huyu? Hapa si kwa fulani, kabla haujajengwa ukuta?" La tatu ni lawama ya namna moja ijulikanayo sana: "Mbona umemkata miguu?" Mwanagenzi aliyesoma kidogo juu ya sanaa hii huona kwamba yote matatu hayamsaidii. Sifa ni maneno ya adabu. Utambuzi unamhusu mtu na wala haumhusu mpiga. Na lawama ya miguu ni ushamba wa watu waliozoea picha za studio, ambazo mtu huonekana mzima tangu utosi hadi kiatu. Hukumu hii ina haraka. Kuhusu sifa ni kweli. Kuhusu mawili yaliyobaki si kweli, na mifano miwili ya picha za kawaida itabainisha.

Ichukuliwe kwanza picha ya watoto siku ya Idd. Wamevaa nguo mpya, wamesimama mbele ya nyumba ya udongo yenye bati lililoshika kutu. Mkono wa mpiga ulitikisika, nyuso mbili zimefifia. Picha imelala upande. Gurudumu la baiskeli limeingia pembeni pasipo kazi. Nyuma yao mlango uko wazi nusu, na ndani yake yumo bibi kizee ambaye mpiga hakumwona alipokuwa akipiga. Picha hii ikipelekwa mbele ya waamuzi wa chama cha picha cha namna ya Ulaya, ambako desturi ya kukutana na kupima kazi ni ya zamani tangu kuundwa kwa chama cha London mwaka 1853, itaondolewa mapema. Wataitaja mistari iliyopinda, ukungu wa nyuso, na gurudumu lile. Yote watakayosema ni kweli. Lakini picha hiyo ikiwekwa barazani, baraza hunyamaza. Mtu mmoja husema, "Huyo mlangoni ndiye bibi yetu," na mwingine huuliza kama ipo picha yake nyingine, na jibu ni kwamba haipo.

Mfaransa Roland Barthes aligusa jambo hili katika kitabu chake juu ya picha, kilichotoka mwaka 1980. Sehemu ya pili ya kitabu hicho inaizunguka picha moja ya mama yake alipokuwa mtoto, na mwandishi hakukubali kuichapa humo, kwa kuwa aliona kwamba machoni pa msomaji ingekuwa picha ya kawaida kama nyingine. Barthes alifika hapo kwa huzuni na kwa elimu nyingi. Baraza hufika hapo kwa swali moja: nani huyu? Swali hilo lina maana kwamba thamani ya picha haikai yote juu ya karatasi. Sehemu yake hukaa kwa wale wamjuao aliyemo. Mhakiki asiyeliuliza amepima nusu ya kitu.

Ichukuliwe sasa picha ya pili, iliyo kinyume cha ile. Ni jua la magharibi. Mwanamke ameketi kizingitini akipuliza moto wa jiko la mkaa. Mwanga umemwangukia shavuni na begani, moshi umepanda mbele ya ukuta wa giza, na kanga imemteleza kichwani. Mpiga alikuwa mbali, naye hakuonekana. Waamuzi wa chama wataiinua picha hii juu, na kwa ufundi inastahili. Mwanagenzi akimpelekea mwenyewe, aweza kupata jibu lililo fupi kuliko yote: "Nilikuwa sijajitanda."

Watu husikia jibu hilo kama jibu la dini au la desturi tu, wakaliweka kando ya sanaa. Lakini ni uhakiki wa sanaa kabisa. Mwanamke huyo anasema kwamba uzuri wa picha umetokana na kutojua kwake. Kwamba utulivu uleule unaosifiwa ni utulivu wa mtu anayedhani yuko nyumbani kwake. Mpiga hakuutengeneza uzuri huo, aliuchukua. Heike Behrend, katika utafiti wake juu ya picha katika pwani ya Afrika Mashariki uliochapwa mwaka 2013, ameonyesha kwamba kujikinga na kamera nako ni sehemu ya historia ya picha katika pwani hii. Basi asemaye "sijajitanda" ameingia katika mjadala wa sanaa kwa mlango wa mbele, na si mtu wa nje anayeizuia.

Hapa patazuka pingamizi, nalo si dogo. Itasemwa kwamba baraza likipewa nguvu hizo, sanaa itakufa. Zitabaki picha za arusi na za watu waliosimama wima kama nguzo, na hapana mtu atakayethubutu kuionyesha njaa, wala taka, wala nyumba inayovuja. Tena itasemwa kwamba baraza si la watu wote. Wakaao juu yake ni wanaume, na mara nyingi husema kwa niaba ya wanawake ambao hawakuulizwa. Pingamizi hizi mbili ni za haki, na zisifichwe. Ya pili inajibika kwa kukumbuka kwamba Ng'ambo ina baraza jingine lisiloonekana njiani: mkeka uliotandikwa ndani, albamu ikifunguliwa mbele ya wageni wanawake, na mwenye nyumba akieleza ukurasa baada ya ukurasa. Humo ndimo uhakiki mkali zaidi hufanyika, na mwanagenzi asiyeweza kuingia humo lazima ampate dada, mama au shangazi wa kumpelekea picha na kumrudishia maneno kama yalivyosemwa.

Ya kwanza inajibika kwa kutenga hukumu mbili. Kuwa picha ni njema ni jambo moja. Kuwa ina haki ya kutolewa mbele za watu ni jambo jingine. Picha ya jioni yaweza kushinda katika hukumu ya kwanza na kushindwa katika ya pili. Basi na ikae sandukuni, na mwanagenzi ajifunze mwanga wake. Picha ya Idd yaweza kushindwa katika ya kwanza na kushinda katika ya pili. Basi na itundikwe ukutani, na mwanagenzi ajifunze kunyoosha mkono. Mkosaji ni yule azichanganyaye: asemaye picha ni nzuri kwa sababu tu bibi yumo, au asemaye kila picha nzuri ina ruhusa kwa kuwa ni nzuri. Tena ridhaa haimaanishi kupendezeshwa. Mwenye nyumba inayovuja huenda akataka sana ionekane inavyovuja, mradi aulizwe na asimame mwenyewe katika habari yake.

Limebaki suala la maneno. Itakumbukwa kwamba baraza lililaumiwa kwa kukosa istilahi za ufundi. Istilahi hizo zimo nyumbani, zimekunjwa kabatini. Kila mwanamke wa Ng'ambo huijua kanga kwa sehemu zake: pindo, ambalo huizunguka pande zote, mji, ambao ni uwanja wa katikati, na jina, ambalo ni maandishi yake. Anunuapo dukani huikunjua akatazama kama pindo linaelewana na mji, kama rangi zinagombana, na kama jina linafaa kumpelekea amkusudiaye. Picha nayo ina mambo hayo hayo matatu. Pindo lake ni kingo nne, mahali mpiga anapoamua nini kiingie na nini kibaki nje. Mji wake ni lile jambo ambalo macho yanaalikwa kukaa. Jina lake ni maneno yanayoandikwa chini.

Kwa maneno hayo lawama ya kukata miguu hugeuka kuwa uhakiki ulio wazi. Muulizaji anasema kwamba pindo limepita juu ya mwili wa mtu pasipo sababu inayoonekana. Mwanagenzi akiwa na sababu, aitoe; akiwa hana, amepata somo. Gurudumu katika picha ya Idd ni kitu cha pindo kilichotaka kuwa mji. Bibi mlangoni ni mji wa kweli uliojificha nyuma ya mji wa uongo, na mpiga mwenye busara angerudi siku nyingine, akabisha hodi, akaomba kumpiga pale pale kizingitini. Na jina, ambalo wanagenzi hulidharau kuliko yote, ndilo lenye kuamua mengi. Picha ya jioni ikiandikwa "Mwanamke wa Ng'ambo" imekuwa kadi ya posta, hata kama mpiga alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Ikiandikwa jina analolitaka mwenyewe, na mtaa wake, na mwaka, imerudi nyumbani.

Utaratibu wa kuhakiki waweza basi kuwa mwepesi, unaofaa skulini, chuoni, na barazani pia. Picha iwekwe mbele za watu na mpiga anyamaze. Kwanza watazamaji waseme wanaona nini, kabla ya kusema wanapenda nini. Maana mithali isemayo kwamba mwenye macho haambiwi tazama haifai hapa, na watu wawili mbele ya picha moja mara nyingi wametazama vitu viwili. Baadaye wazungumze juu ya pindo, mji na mwanga, na neno "nzuri" lisikubaliwe mpaka lifuatwe na "kwa sababu". Halafu iulizwe: nani huyu, alijua, na jina lake ni lipi? Mwisho mpiga aseme alichokusudia, ili ajue umbali uliopo kati ya moyo wake na macho ya watu. Na aliye na kamera asiishie kusema. Malenga humjibu malenga kwa shairi. Mpiga picha na amjibu mwenzake kwa picha ya mlango ule ule, saa nyingine, kutoka upande mwingine.

Faida ya juhudi hiyo haiishii kwa mwanagenzi. Ng'ambo inabadilika upesi. Majumba ya Michenzani yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalifuta njia na viwanja ambavyo wazee huvieleza kwa kidole hewani, na leo nyumba nyingi za udongo na mawe zinaendelea kubomolewa kupisha ghorofa mpya. Kitabu cha Ng'ambo Atlas, kilichochapwa mwaka 2019, kilionyesha jinsi ramani na picha za zamani ziwezavyo kuurudishia mji kumbukumbu yake. Lakini picha nyingi za zamani ziliachwa na watu waliosimama upande wa pili wa maji. Picha za mitaa hii katika miaka hii zimo mikononi mwa wanagenzi. Zitakazohifadhiwa na kuandikwa majina zitakuwa ushahidi. Zitakazosifiwa tu kisha zikasahauliwa zitapotea pamoja na simu zilizozibeba.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika picha mambo sivyo yalivyo: chema kisichosemwa hupotea, na kibaya kisichosemwa hurudiwa. Baraza likijifunza kusema kwa sababu, na mwanagenzi akijifunza kubisha hodi, zile ridhaa mbili zitakuwa zimekutana. Na hapo ndipo Ng'ambo, kwa mara ya kwanza katika picha, itakuwa upande huu.